Waulizeni na wanaokaa kiti cha abiria

Swali la gazeti lenu la wiki hii, kwa nini madereva wengi wa pikapu wanapenda gia za mkono kuliko otomatiki, limenigusa pabaya. Mimi si dereva. Nanunua alizeti na karanga vijijini huko Kondoa na Chemba, naleta Dodoma mjini kwa wenye mashine za kukamua. Pikapu ni yangu, dereva nimemwajiri, na kiti changu ni cha abiria. Kwa hiyo nitajibu ambalo hamkuuliza: hizo gia za mkono zinamfaa nani, mwenye gari au mwenye usukani? Maana hao ni watu wawili, na fundi akileta hesabu anayelipa ni mmoja.

Sababu za madereva nimezisikia mpaka nimezikariri. Kaa nao Majengo sokoni wakisubiri mzigo, watakupa zote kabla chai haijapoa. Betri ikifa, gari linasukumwa, unatia gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Otomatiki msukume kijiji kizima haliwaki, kwa sababu pampu ya mafuta ya giaboksi yake haifanyi kazi mpaka injini izunguke. Klachi pleti anabadilisha fundi yeyote, hata chini ya mwembe. Ukishuka mlima Sekenke na mzigo, gia ndogo inakushikilia gari na breki zinapumzika. (Otomatiki nayo ina L na 2 pale chini ya D, ila madereva wengi niliopanda nao hawajawahi kuzigusa.) Halafu kuna mazoea. Zile Land Cruiser za kazi, familia ya 70 iliyoanza mwaka 1984, huku kwetu tumezijua na gia za mkono, basi gari gumu na gia za mkono vimekuwa kitu kimoja vichwani mwa watu. Toyota walipoleta humo otomatiki ya gia sita mwaka 2023, pamoja na injini ya lita 2.8, dereva wangu alisema hilo ni gari la wakubwa wa Mtumba, kule mji wa serikali.

Sibishi. Ila nitawasimulia habari ya korongo.

Mchanga wa Kondoa mnaujua. Umeshuka kutoka milima ya Irangi miaka na miaka jinsi ardhi ilivyomomonyoka, mpaka mwaka 1979 serikali, kupitia mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ikaondoa mifugo yote katika eneo lile. Miti ikarudi, lakini mchanga uliokwisha kushuka uko makorongoni mpaka leo. Na usidanganyike kwamba kifuku ndicho kibaya peke yake. Kiangazi mchanga unakuwa mkavu, haushikani, tairi linajichimbia lenyewe.

Tulikuwa tunatoka njia ya Haubi, jua linaelekea kuzama, tumebeba magunia ya alizeti. Dereva akaweka 4x4, akaingia korongoni na gia ya kwanza, vizuri tu. Katikati injini ikaanza kulia, akataka kutia ya pili. Sasa hapo ndipo penyewe. Ukikanyaga klachi, kwa kitambo kile kifupi magurudumu hayasukumwi na kitu, na mchanga mkavu hausubiri. Gari likasimama. Akarudi ya kwanza, akakanyaga mafuta huku klachi ameiachia nusu, tukazidi kuzama mpaka mchanga ukafika kwenye difu. Ikaja ile harufu ya klachi inayoungua, inachoma pua mpaka macho yanatoa machozi. Nikamwambia, "Baba, acha kwanza." Akasema, "Mama, hii naijua."

Vijana wakatokea na majembe. Huwa sijui wanatokea wapi, lakini gari likikwama wanatokea. Magunia yakashushwa moja moja, matawi yakawekwa chini ya matairi, dereva akachukua kijiti akawa anabonyeza valvu kupunguza upepo. Giza likaingia, taa zikawashwa tuone pa kuchimba, injini imezimwa kuokoa mafuta.

Tukiwa katika hali hiyo ikaja dabo kabini, anaendesha binti, yuko peke yake. Akasimama ukingoni, akashuka, akanipa shikamoo, akauliza kama tunahitaji msaada. Kabla sijajibu dereva wangu akasema hapana, tunamalizia. Binti akarudi garini, na kwa kuwa kioo kilikuwa wazi nilimwona vizuri: mkono mmoja kwenye usukani, akavuta gia mpaka L, hakuigusa tena. Gari likapita kando yetu kwa mwendo uleule mmoja, halikushtuka wala halikulia, likapanda ng'ambo likaondoka. Otomatiki.

Dereva akasema, "Ile haina mzigo."

Nikamwambia, "Na sisi mzigo uko chini."

Tulitoka baadaye, kwa kwenda mbele na rivasi, mbele na rivasi, vijana wakisukuma. Akazima tena injini tupakie magunia, taa akaziacha zikiwaka. Kumaliza, funguo inazungushwa, gari linasema tik tik tik, betri imekufa. Binti mwenyewe ameshafika mbali. Basi vijana walewale wakatusukuma kwenye mteremko, gia ya pili, klachi ikaachiwa, injini ikawaka. Dereva akanigeukia: "Mama, umeona?" Niliona. Klachi pleti mpya nayo niliiona, kwenye hesabu ya gereji.

Nilipochukua kalamu nilitaka kusema kwamba madereva wanalinda ajira zao tu. Bado nasema sehemu ni hiyo. Vijana wengi siku hizi wamejulia gari kwenye IST na Vitz, vigari vidogo vya otomatiki. Binti yangu anazunguka mji mzima na otomatiki yake, lakini dereva akiugua, pikapu inalala uani na alizeti inanisubiri Kolo. Zile gia ndizo zinazomfanya asikosekane, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kupenda kinachomfanya asikosekane. Lakini kadiri ninavyoandika naona siwezi kusema ni hilo peke yake. Usiku ule, kama gari letu lingekuwa otomatiki, pengine tusingekwama. Na kama betri ingekufa hata hivyo, tungelala pale.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na msishangae. Pikapu nyingine nitakayonunua itakuwa otomatiki, nami nitajifunza kuendesha. Iwe tu ambayo mafuta ya giaboksi yamekuwa yakibadilishwa kwa wakati, kwa sababu hiyo ikigoma huko Kwamtoro hakuna mwembe wa kukusaidia. Isizidishiwe mzigo, na iwe na waya wa kuchukulia moto betri ya gari jingine. Na hii ya gia za mkono siiuzi mpaka kifuku kimoja kipite nione.

Jina langu msilitoe tafadhali. Dereva anasoma gazeti lenu kila wiki, na haya ya otomatiki bado sijamwambia.