Jibu: Shimo la 12 Augusta lina ubaya gani?

Ndugu, umeuliza inakuwaje shimo la 12 la uwanja wa gofu wa Augusta, Marekani, la yadi 155 tu, liwaumbue watu wanaopiga mpira yadi 300. Urefu usikudanganye, ubaya uko kwenye grini, yaani kile kipande cha nyasi fupi chenye tundu la mpira. Ni nyembamba kama ukanda, na imelazwa mshazari: upande wa kulia uko mbali na mpigaji kuliko wa kushoto.

Sasa mfikirie anayepiga kwa mkono wa kulia. Akiukata mpira kidogo, unakwenda kulia na kupungukiwa nguvu, palepale kijito cha Rae kinaposubiri. Akiuvuta, unakwenda kushoto na kupitiliza hadi nyuma, na kutoka huko mpigo unaofuata unaelekea majini! Aliyeichora alijua tunavyokosea. Na ukingo wa mbele nyasi zake ni fupi: mpira unatua, unasita, kisha unarudi polepole mpaka chubwi. Mchezaji Spieth, kwenye mashindano ya Masters mwaka 2016, alizamisha mipira miwili, akatoka na mipigo 7 badala ya 3.

Kwenye Masters ya mwaka 2019 bendera inayoonyesha tundu ilikuwa kulia. Molinari, aliyekuwa akiongoza, akazamisha. Tiger Woods akapitisha mpira juu ya banka (shimo la mchanga) la mbele, mbali na bendera, akamaliza kwa mipigo 3 na siku hiyo akabeba taji. (Mwaka uliofuata huyohuyo alipiga mipigo 10 hapohapo, kwa hiyo usimwone malaika.)

Upepo nao huzunguka kwenye ile misonobari, kwa hiyo ongeza fimbo moja, yaani chukua inayopeleka mpira mbali zaidi kidogo. Bendera ikiwa kulia, jifanye hujaiona.