Nyumba umenunua, na ardhi ni ya nani?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni klaki kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, miaka 31, nina mke na mtoto mmoja. Kazi yanibana mpaka Jumamosi mchana lakini nataka nianze pole pole kuwa na nyumba za kupangisha. Nina akiba ya laki nne kwa sacco, wanasema naweza kukopa mara tatu yake. Shemeji yangu ameniletea nyumba ya Kiswahili huko Majengo, vyumba sita, kila kimoja kodi 3,500, muuzaji ataka milioni moja na laki mbili. Hati hakuna, kuna karatasi za mauziano tu, na shemeji asema huku ndivyo watu wanavyonunua. Nichukue? Na kuna programu gani za simu za kunirahisishia, manake muda sina.
Klaki, Changamwe

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Shemeji yako hajakudanganya, Mombasa nyumba bila ardhi zanunuliwa tangu zamani, yaani kuta na bati ni zako lakini ardhi ya chini ni ya mtu mwingine na wewe wampelekea kodi yake ya ardhi. Familia nyingi zimezaliana humo na zaishi vizuri tu. Lakini wewe waingia na pesa ya mkopo, na hapo mambo yanabadilika kabisa. Mwenye ardhi akiuza, au akifa warithi wakagawana, huyo anayekuja anaweza kukupa notisi, na wewe ukitaka kupandisha gorofa ni lazima uende ukaombe ruhusa. Benki haitaki nyumba kama hiyo iwe dhamana. Sacco itakupa sababu yaangalia akiba yako na wadhamini wako, ardhi haina habari nayo, kwa hivo mkopo kupita usikufanye uone nyumba iko safi. Na hao wadhamini ni wenzako wa kazini, ikiharibika ni mishahara yao inakatwa, mimi hilo ndo laniuma zaidi.

Halafu piga hesabu. Vyumba sita ni 21,000 kwa mwezi vyote vikijaa. Milioni moja na laki mbili kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, ulipe miaka mitano, ni kama 26,700 kila mwezi. Yaani hata chumba kisikae wazi siku moja bado waongeza karibu elfu sita kutoka mshahara, na hujalipa kodi ya ardhi wala fundi wa paa. Hapana kaka, hii usichukue.

Mimi ningesubiri, niongeze akiba, nitafute ploti ndogo yenye hati, hata kama ni mbali na kisiwani, nijenge chumba kimoja kimoja. Muda wako mchache utumie kwa kukagua. Google Earth ya kompyuta ina picha za miaka ya nyuma, waweza kuona kama hiyo ploti "tupu" ilikuwa na nyumba za watu juzi juzi, au kama mvua ikipiga inageuka ziwa, yote hayo ukiwa umekaa kwako usiku. Sachi ya hati, yaani kuangalia kwa registri ya ardhi mwenye ploti ni nani, usimwachie broka, fanya mwenyewe au wakili wako. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, ilizinduliwa Aprili 2021 ikaanzia Nairobi, kwa hivo kwa ploti ya huku uliza kwanza registri faili lake liko mtandaoni au bado ni la karatasi. Kisha lipa sevea aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, na hapo uende kwa miguu yako, uongee na majirani, hakuna simu itakayokufanyia hiyo. Mkataba uwe wa maandishi, umesainiwa mbele ya mashahidi, na ushuru wa stempu uuweke kwenye bajeti mapema, ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mjini na 2 mashambani, watu wengi huishiwa hapo hapo. Na mkeo ajue kabla hujalipa dipoziti, sio baada.

SWALI: Nina vyumba vinane Mishomoroni, 3,500 kila kimoja. Kila mwezi ni ubishi nani amelipa nani hajalipa. Na KRA, hawa watoza kodi wa serikali, wananihusu kweli?
Mama Wapangaji

JIBU: Wanakuhusu dada. Vyumba vinane ni 336,000 kwa mwaka, na kodi ya mapato ya nyumba za kuishi inaanza ukipita 288,000. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, gharama hazitolewi, kwa hivo vikijaa vyote ni 2,100 kwa mwezi, walipa kwa iTax, mtandao wa KRA, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ubishi utaisha ukiacha kupokea keshi mkononi: fungua till ya M-Pesa ya kodi ya wapangaji peke yake, usiichanganye na pesa ya mboga, halafu kila Jumapili uhamishe majina kwenye Google Sheets, chumba, mwezi, kiasi, basi. Stima wawekee mita ndogo za tokeni kila mtu ajinunulie zake. Na ukumbusho wa iTax uweke kwa simu tarehe 15, manake ukichelewa kuna faini.