Leseni ya NEMA pekee haitoshi

Umeuliza iwapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kikishapata leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira nchini Kenya, serikali ya kaunti inabaki na usemi wowote. Inabaki nao, na ni usemi mzito. Chini ya Sheria ya mwaka 2019 ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi, hakuna anayeruhusiwa kujenga, wala kugeuza kiwanja cha makazi kuwa cha viwanda, bila idhini ya kaunti, na idhini hiyo inaweza kuambatanishwa na masharti au kufutwa yakikiukwa. Lakini zingatia jambo moja ambalo kwangu ndilo la hatari zaidi: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria huchukulia kwamba ameruhusiwa. Kwa hiyo uzembe wa ofisi ya mipango ni sawa na kutia sahihi.

Tunajua gharama yake. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha namna hiyo kilifunguliwa mwaka 2007 kando ya nyumba za watu, kabla ya kaunti kuwapo, na madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na sehemu ya lawama ikawaangukia wasimamizi wa serikali wenyewe, NEMA ikiwa miongoni mwao. Andikieni ofisi ya mipango ya kaunti pingamizi lenu sasa, kabla siku hizo 60 hazijaisha, na mdai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.