Bibi huyu ni mkorofi, mtundu au mchokozi?

SWALI: Natafsiri hadithi ya Kiingereza. Kuna bibi kizee aliyeificha miwani ya daktari wake chini ya mto, kisha akatulia kumtazama anavyohangaika kuitafuta. Mwandishi anasema macho ya bibi yalijaa “espièglerie”. Mimi niliandika “utundu”, mhariri akafuta na kuweka “ukorofi”. Nani kapatia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mhariri wako amemwonea bibi wa watu. Mkorofi ni mtu wa shari. Ukipanga naye nyumba moja, mwezi haufiki unatafuta chumba kwingine. Bibi huyu hana shari na mtu. Miwani itarudi, daktari atacheka, na kesho pengine itafichwa kofia.

Neno lenyewe hata kwa Waingereza ni la nadra. Walilichukua kutoka Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na ile alama juu ya herufi e wameiacha hapo hapo kama nguo ya mgeni. Hulisikii mtaani, ni neno la vitabuni, nalo lina sifa ndani yake. Mtoto aliyevunja kioo kwa mpira haambiwi ana espièglerie. Huambiwa hivyo mtu mwenye akili nyepesi na mzaha usioumiza, ambaye unaona usoni kwamba ana jambo.

Wafaransa nao walilitoa kwenye jina la mtu. Katika masimulizi ya Wajerumani yuko mjanja aitwaye Till Eulenspiegel, ambaye visa vyake vilichapwa Strasbourg mwanzoni mwa karne ya 16. Kazi yake kubwa ilikuwa kutii amri neno kwa neno. Alipokuwa kwa mwoka mikate aliuliza aoke nini, bosi wake akamjibu kwa hasira, “Bundi na nyani!” Usiku kucha akaoka mikate ya bundi na nyani. Jina lake lilipofika Ufaransa likapunguzwa silabi, likawa sifa ya mtu mtundu, kisha likazaa nomino hii inayokusumbua.

Kisa chake kingine utakitambua mara moja. Mwenye nyumba ya wageni huko Köln alimdai malipo kwa kuwa alikaa karibu na nyama ikichomwa na kushiba harufu. Eulenspiegel akarusha sarafu juu ya benchi, ikalia, akamwambia mlio huo ndio malipo ya harufu. Sisi kisa hicho tumelelewa nacho, ila kwetu anayelipa harufu kwa mlio wa fedha ni Abunuwasi. Naye jina lake limetoka kwa mshairi wa kweli wa Baghdad, Abu Nuwas, aliyefariki karne ya 9. Tofauti ni kwamba hatukulifanya jina hilo kuwa nomino ya tabia. Tunamwita mtu Abunuwasi, basi, kila mmoja ameelewa.

Sasa “utundu” wako. Si kosa, lakini neno hili limebeba mizigo mingi. Mtoto anayefungua redio ya babaye aone nani anaongea ndani ni mtundu. Fundi anayeifufua simu iliyokufa, watu wa Dar es Salaam humsifu kuwa ni mtundu. Na kuna utundu mwingine, ule wa kurasa za mahaba magazetini, ambao sidhani kama unataka msomaji aukumbuke bibi anapomtazama daktari wake! Utukutu ndio usiuguse kabisa: mtukutu hatulii, yuko juu ya mti, yuko juu ya paa, na bibi yako amelala kitandani.

Mimi ningekwenda kwenye uchokozi. Najua utaniambia mchokozi huanzisha ugomvi, na ni kweli, nchi ikichokoza jirani yake huleta vita. Lakini sikiliza watu wanavyosema nyumbani. Shemeji akimtania shemeji, babu akimwita mjukuu wake “mke wangu”, anayetaniwa hucheka na kusema, “Acha uchokozi wako!” Hakuna aliyekasirika. Ukiongeza ki- mbele, ukali wote hupungua: tabasamu la kichokozi, jicho la kichokozi. Tena hukaa machoni, palepale mwandishi wako alipoliweka neno lake.

Kosa lenu nyote wawili, naona, ni kutafuta nomino kwa sababu Kiingereza kimetumia nomino. “Macho yake yalijaa uchokozi” bado inanuka tafsiri, na tena inatisha kidogo. Andika hivi: “Bibi akamtupia daktari jicho la kichokozi, asiseme kitu.” Mhariri aking'ang'ania nomino, mpe “utundu” na umwombe aurudishe ukorofi alikoutoa.