Kabla ya kupima usumaku, hakikisha molekuli ingali nzima

Wanafunzi wa shahada za juu wanaoingia katika utafiti wa sumaku za molekuli, yaani molekuli ambazo kila moja hufanya kazi kama sumaku ndogo, huniuliza waanze na kipimo gani pindi sampuli yao ya kwanza inapokuwa tayari juu ya dhahabu. Jibu langu ni lile lile kila mara: weka usumaku kando kwanza, uhakikishe kikemia kwamba molekuli uliyoiweka pale bado ni ile uliyoitengeneza.

Fani hii ililipata somo hilo kwa taabu. Mwaka 1993 Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao walionyesha kwamba molekuli yenye atomu 12 za manganisi, ambayo Tadeusz Lis aliitengeneza mwaka 1980, hutunza mwelekeo wa usumaku wake bila kusaidiwa na jirani zake, mradi iwe katika baridi ya kelvini chache tu juu ya sifuri kamili. Tumaini la kuhifadhi data katika molekuli moja moja lilizaliwa hapo, lakini molekuli hizo zilipotandazwa juu ya dhahabu, sehemu ya manganisi ilichukua elektroni, muundo ukaharibika na kumbukumbu ikatoweka. Ilipofika mwaka 2009 ndipo kundi la Sessoli na Gatteschi la Florence, Italia, na washirika wake walipoonyesha kumbukumbu hiyo juu ya dhahabu, chini ya kelvini 1, kwa kutumia molekuli imara zaidi yenye atomu 4 za chuma, iliyoshikizwa kwa mkono wenye salfa.

Salfa hiyo ndiyo ninayoiangalia kwanza. Miale ya eksirei inapong'oa elektroni kutoka kwenye sampuli, salfa iliyoshikana na dhahabu huonyesha kilele kwenye grafu ya nishati karibu na elektronivolti (kizio cha nishati) 162, isiyoshikana huonekana kati ya 163 na 164, na iliyooksidika husogea hadi karibu 168. Kisha linganisha kiasi cha chuma na cha salfa: molekuli ile ina chuma 4 na salfa 2, kwa hiyo uwiano ulio mbali sana na mbili kwa moja, baada ya masahihisho ya kawaida, unakuambia kwamba kilichobaki juu ya uso ni vipande. Rudia kipimo cha mwanzo mwishoni mwa kazi, kwa kuwa eksirei zenyewe huweza kuiharibu molekuli.

Nasisitiza hivi kwa sababu tabaka la unene wa molekuli moja lina atomu chache mno kwa sumakumita (kifaa cha kupimia usumaku) ya kawaida, ambayo husoma zaidi mwitikio wa dhahabu iliyo chini. Inabidi kwenda kwenye sinkrotroni, kituo kikubwa kinachotoa eksirei kali, ambako nafasi huombwa miezi mingi kabla na hutolewa kwa siku chache, na inasikitisha sana kuona siku hizo zikiishia kwenye molekuli iliyokwisha kuvunjika.

Unga wa molekuli hizo hizo pia upimwe kwa uangalifu. Uchote kwa kijiko cha plastiki, maana chembe ya chuma cha pua inatosha kupotosha matokeo, na uufunge kwa nta ili fuwele zisigeuke zinapovutwa na sumaku. Ukiona kinundu kwenye grafu ya usumaku karibu na kelvini 50, shuku oksijeni iliyonaswa ndani ya kapsuli yenye unga huo kabla ya kufurahia ugunduzi.

Chaguo la uso nalo lina uzito wake. Molekuli yenye atomu ya metali ya terbiamu iliyobanwa kati ya sahani mbili za fitalosiani (molekuli bapa ya kaboni na nitrojeni) hupoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu yake juu ya metali tupu, lakini mwaka 2016 ilionekana kuitunza vizuri sana juu ya tabaka jembamba la oksidi ya magnesi lililowekwa juu ya fedha. Tangu mwaka 2018, molekuli ya disprosiamu, metali nyingine, imefikia kelvini 80 ikiwa bado na kumbukumbu yake, juu ya nitrojeni ya kimiminika inayochemka kwenye 77, na wengi sasa wanataka kuitumia. Hiyo ni chumvi inayoharibiwa na hewa, na haivukizwi kirahisi ili itue juu ya uso kama ile ya terbiamu. Anayeitamani atafute kwanza njia ya kuifikisha juu ya uso ikiwa nzima, ndipo aandike ombi la sinkrotroni.