Jibu: Mbona simu inarudia bendi ileile?

Mkuu, simu yako nzima kabisa. Unasema una nyimbo 1,200, ukizichanganya unapigiwa Msondo Ngoma mara tatu mfululizo. Sasa kama 300 ni za Msondo, kwa wastani wimbo mmoja kati ya minne utakuwa wao, na kubahatisha kwa kweli hakujali kilichotangulia. Spotify walilalamikiwa hivyohivyo, mwaka 2014 wakabadili mpangilio ili nyimbo za msanii mmoja zitawanyike. Wewe punguza Msondo kwenye orodha (najua inauma).

Ila kaswida zitenge. Juzi napika, kaswida imeisha tu, spika ikadaka singeli. Mama mkwe yuko sebuleni na tasbihi yake.