Mapigo Yamesikika, Moyo Bado Haujaonekana

Mwanangu Rehema,

Unauliza kwa nini daktari amekuandikia rufaa ya kuja Dar es Salaam kupimwa eko, yaani altrasaundi ya kuutazama moyo wa mtoto aliye tumboni, ilhali mkunga wa hapo Songea amesikia mapigo 148 kwa dakika, na sukari yako imetulia. Unasema pia kwamba mumeo anahofia kuna jambo mnafichwa. Hakuna mnalofichwa. Ulianza kuchoma insulini ungali shule ya msingi, na mama aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba hushauriwa kupima eko hii hata kama mambo yote yanaonekana shwari.

Mimi niliyestaafu ukunga nayaheshimu mapigo hayo. Unaiweka ile pembe ya mbao ya kusikilizia mapigo upande ulipo mgongo wa mtoto, unaibana kwa sikio bila kuishika, na vidole vyako vinabaki kwenye kifundo cha mkono wa mama, usije ukahesabu mapigo yake ukadhani ni ya mtoto. Ukipata kati ya 110 na 160 kwa dakika, unaandika kwenye kadi na mama anashuka kitandani. Umejua kwamba mtoto yu hai na moyo wake unakwenda kwa kasi inayofaa, lakini hujajua moyo huo umejengwaje. Mashine ya kusaga husikika mtaa mzima. Kama unga unaingia kwenye gunia lake, mpaka uingie ndani utazame.

Ipo hitilafu moja ambayo huwapata zaidi watoto wa akina mama wenye kisukari, ingawa hata kwao ni nadra: mishipa miwili mikubwa, ule wa aota upelekao damu mwilini na ule upelekao damu kwenye mapafu, hubadilishana mahali. Tumboni mtoto huyo hukua vizuri na mapigo yake ni ya kawaida kabisa, kwa kuwa oksijeni anaipata kwenye kondo la nyuma na si kwenye mapafu yake. Taabu huanza baada ya kuzaliwa, pale mshipa wa muda unaounganisha njia hizo mbili unapoanza kujifunga, na mtoto akageuka rangi ya bluu. Ikijulikana mapema, mama hujifungulia karibu na mahali panapotibiwa mioyo ya watoto, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na mtoto huanzishiwa dawa ya kuuacha mshipa huo wazi hadi afanyiwe upasuaji. Isipojulikana, anazaliwa mbali, na saa za kumwokoa zinaishia barabarani.

Kuhusu sukari kutulia, nakupongeza, na uendelee hivyo hivyo, kwa sababu ikipanda katika miezi ya mwisho inaweza kunenepesha kuta za moyo wa mtoto, ingawa unene huo kwa kawaida hupungua wenyewe baada ya kuzaliwa. Lakini moyo hukamilika kujengwa kabla ya wiki ya 10 ya mimba, wakati wanawake wengi bado hawajaanza kliniki, kwa hiyo sukari ya leo haiwezi kutueleza yaliyotokea wakati ule. Nasema hivi si kwa kukulaumu. Watoto walio wengi wa akina mama wenye kisukari huzaliwa na mioyo mizima.

Kipimo chenyewe ni altrasaundi juu ya tumbo, ila huchukua muda mrefu zaidi, na mtoto akilala vibaya utaambiwa utembee kidogo kisha urudi kitandani. Daktari atatafuta vyumba vinne vya moyo na vali zake, yaani milango ya kupitishia damu, halafu atafuata ile mishipa miwili inapotoka: inapaswa kupishana, na ikienda sambamba ndipo atakapotazama kwa makini zaidi. Rangi nyekundu na bluu zitakazoonekana zisikutishe, kwani zinaonyesha tu kama damu inaelekea kwenye kifaa au inakimbia kifaa.

Njoo kabla wiki ya 24 haijapita, na ubebe kadi ya kliniki pamoja na jibu la kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu ulichopimwa mimba ikiwa changa. Ujue pia kwamba eko haioni yote. Tundu dogo kwenye ukuta wa moyo linaweza kuikwepa, na ule mshipa wa muda huwa wazi kwa kila mtoto aliye tumboni, kwa hiyo haiwezekani kutabiri kama utakataa kujifunga. Kwa hiyo, hata ukipewa majibu mazuri, siku moja baada ya kujifungua omba mtoto apimwe oksijeni kwenye mkono wa kulia na kwenye mguu. Akiwa anatoka jasho wakati wa kunyonya, au anaachia ziwa kila mara ili avute pumzi, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Chumba chako kipo tayari. Nijulishe siku ya basi.

Mama yako